Mfahamu bata mwitu, mpangaji wa kale wa mito ya Kakamega

UKITAJA ndege wa kufugwa katika Kaunti ya Kakamega, wa kwanza kukumbukwa ni kuku, au ingokho kama wenyeji wanavyomwita, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Bata hutajwa baadaye sana, tena kwa kulalamikiwa, kwamba huchafua maji ya mifugo na kukanyaga mboga changa. Lakini wapo bata wasio na mwenyewe, wasiokula pumba za mtu wala kufungiwa kizimbani jua linapotua. Hao ni bata mwitu, ambao makao yao ni mito ya Isiukhu, Yala na Nzoia pamoja na vijito na mabwawa yanayopakana nayo.

Watu wengi hudhani kuwa bata mwitu ni bata wa nyumbani aliyetoroka akazoea porini. Dhana hiyo haina msingi. Bata wengi wanaofugwa vijijini magharibi mwa Kenya, wale wenye ngozi nyekundu yenye vinundu usoni, asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini, ambako walifugwa na wenyeji wa huko kabla Wazungu hawajafika. Wale weupe wanaojulikana kama bata wa Peking wametokana na bata mwitu wa nchi za kaskazini mwa dunia, ambaye dume lake lina kichwa cha kijani kinachong'aa. Kwa hivyo katika bata hawa wawili tunaowafuga kwa wingi, hakuna aliyetokana na bata mwitu wa Afrika Mashariki. Ndiyo maana hata siku zao za kuatamia hutofautiana: bata mwenye vinundu huatamia kwa muda wa siku 35 hivi, ilhali wa Peking hutosheka na siku 28.

Tofauti hii si jambo la wataalamu pekee. Nchini Afrika Kusini, bata wenye asili ya kaskazini waliotoroka au kuachiliwa na wenyewe wamejamiiana na bata mwitu wa huko wenye midomo ya manjano, wakazaa machotara wanaoweza kuzaa tena. Kizazi baada ya kizazi, damu ya bata wa asili huzidi kuchujuka. Anayefuga bata wa Peking kando ya bwawa hapa Kakamega na kuwaacha waende watakako anafungua mlango huo huo, kwani bata mwenye mdomo wa manjano ni mwenyeji wa hapa pia.

Kabla ya kuwaeleza mmoja mmoja, yafaa kuelewa jinsi bata alivyoumbwa. Pembezoni mwa mdomo wake mpana mna vijino vyembamba vilivyopangika kama meno ya chanuo. Bata huteka maji na matope, akayasukuma nje kwa ulimi, na vijino hivyo vikabakiza mbegu, wadudu na vikonokono. Karibu na kitako chake, juu ya mkia, pana tezi inayotoa mafuta. Tazama bata anapojichokoa kwa mdomo: huanzia hapo, kisha akayapaka mafuta hayo manyoya yake yote. Mafuta hayo huyafanya manyoya yawe laini na imara, na ule mfumano wa nyuzi zake ndogo ndogo huzuia maji yasifike kwenye ngozi. Ndiyo sababu bata hukaa mtoni kutwa nzima na bado akatoka mkavu.

Kuna bata wazamiaji na wasiozamia. Wasiozamia huinamisha kichwa majini huku mkia ukielekea juu, wakachokoa kina kifupi tu. Miguu yao imekaa katikati ya mwili, hivyo hutembea nchi kavu bila taabu na huruka juu moja kwa moja kutoka majini. Wazamiaji miguu yao imerudi nyuma sana. Ndani ya maji huwa kama kasia, lakini nchi kavu huwa ni balaa tupu, na kabla ya kuruka hulazimika kukimbia juu ya maji kama ndege ya abiria inayotafuta kasi uwanjani.

Miongoni mwa wote hao, anayestahili kuitwa mwenyeji halisi wa mito yenye misitu ni bata mweusi wa mitoni, ambaye wanasayansi humwita Anas sparsa. Rangi yake ni ya makaa yaliyozimika, mgongoni ana mabaka meupe, na miguu yake ni ya rangi ya chungwa. Akikunjua bawa, pana kiraka cha buluu iliyochanganyika na kijani chenye mistari meupe pembeni. Ni ndege mwenye haya mno. Mtu anaweza kuvuka daraja moja kila siku kwa mwaka mzima asijue kwamba chini ya matawi yaliyoinamia maji, hatua chache tu kutoka hapo, pana bata wawili waliotulia kimya.

Nasema wawili kwa kusudi. Wakati bata wa aina nyingine hupenda kukaa makundi makundi, hawa huishi dume na jike, na wawili hao huimiliki sehemu yao ya mto mwaka mzima. Akija mgeni, hufukuzwa. Asipoondoka hupigwa kwa mabawa, ambayo yana kifundo kigumu kwenye kiungo. Katika mto wenye maji yaendayo kasi chakula hakipatikani kila mahali, na sehemu yenye mawe, maji yasiyo na kina kirefu na kingo zenye miti ni mali ya kupiganiwa. Hapo bata hawa hula mabuu ya wadudu wanaoshikamana na mawe, kaa wadogo, mayai ya samaki, mbegu na matunda yanayodondoka mtoni. Hutafuta chakula zaidi alfajiri na jioni.

Jike hutengeneza kiota karibu na mto, mara nyingi mahali palipoinuka ili mafuriko yasikifikie, akakitandika majani makavu na manyoya anayoyanyofoa kifuani mwake mwenyewe. Hutaga mayai kati ya manne na manane hivi, na huyaatamia peke yake kwa takriban mwezi mmoja. Vifaranga hawalishwi mdomoni kama makinda ya njiwa. Huanguliwa wakiwa na manyoya na macho wazi, na haipiti siku mbili wakawa wameshamfuata mama yao majini. Kifaranga wa bata mweusi huanza maisha katika maji yanayoweza kumbeba mtoto wa mtu, na bado huyamudu.

Ndege anayetegemea mabuu yanayoishi chini ya mawe hawezi kuishi penye tope. Hapa ndipo penye tatizo la mito ya Kakamega. Uchimbaji wa dhahabu katika eneo hili ulishika kasi mapema katika miaka ya 1930, na ingawa mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, wachimbaji wadogo wameendelea hadi leo kuosha mchanga kando ya mito na vijito, wengi wao wakitumia zebaki kukusanya chembe za dhahabu. Udongo unaooshwa hutua juu ya mawe, ukafunika makao ya wadudu. Zebaki nayo hupenya kwa wadudu na samaki, na kila anayewala huikusanya mwilini. Binadamu naye yumo katika mlolongo huo, jambo ambalo halisemwi vya kutosha.

Pili ni kilimo cha ukingoni. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilikataza kulima au kujenga katika ukanda wa kando ya mto usiopungua mita sita na usiozidi mita 30 kutoka pale maji yanapofikia wakati wa mafuriko. Atakayetembea kando ya vijito vingi nje ya Msitu wa Kakamega atajionea jinsi kanuni hiyo inavyoheshimiwa: mahindi na nyasi za ng'ombe hushuka hadi majini, na penye miti pana mikaratusi. Ni kweli kwamba mashamba ya huku ni madogo na mwenye robo ekari huona uchungu kuacha mita sita. Lakini udongo unaochukuliwa na mto ni wake yeye kwanza, kabla ya kuwa hasara ya bata.

Wa pili kwa umuhimu ni bata mwenye mdomo wa manjano, Anas undulata. Huyu ndiye ambaye msomaji ana nafasi nzuri zaidi ya kumwona, kwa kuwa hupenda maji yaliyotulia: mabwawa, vidimbwi, vinamasi na mashamba yaliyofurika. Manyoya yake ni ya kijivu yenye kingo nyeupe kama magamba ya samaki, na mdomo wake ni wa manjano yaliyoiva, wenye baka jeusi katikati. Dume na jike hufanana, na njia rahisi ya kuwatambua ni sauti. Ule mlio mkubwa ambao sote twauita sauti ya bata ni wa jike; dume hutoa sauti hafifu tu, kama mtu aliyepwelewa na koo.

Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi ambao ulichimbia maeneobunge 140, kati ya yale 210 yaliyokuwapo wakati huo, vidimbwi 200 vya samaki kila moja. Vingi viliachwa baadaye vikaota nyasi na matete. Kwa mfugaji ni hasara, ila kwa bata huyu kidimbwi cha namna hiyo ni nyumba iliyokamilika: maji yapo, maficho yapo na chakula kipo. Jike hujenga kiota ardhini katikati ya majani mazito, akataga mayai sita hadi 12, na vifaranga huhitaji zaidi ya miezi miwili kabla ya kuweza kuruka.

Kuna jambo moja la kimaumbile ambalo huwaponza bata wengi. Ndege wengine, kuku akiwamo, hubadilisha manyoya ya mabawa polepole, moja baada ya jingine. Bata huyaangusha yote kwa pamoja baada ya msimu wa kuzaa, na kwa wiki kadhaa huwa hawezi kuruka kabisa. Katika muda huo hujificha kwenye matete. Mwanakijiji akimkurupusha na kuona anapiga mabawa bila kupaa, humchukulia kuwa ni mgonjwa au amevunjika bawa, akamchukua nyumbani. Bata huyo hana ugonjwa wowote, amekutwa tu katika majuma mabaya.

Bata bukini wa Misri hahitaji maelezo marefu maana hajifichi. Ni mkubwa, wa rangi ya kahawia, mwenye duara jeusi kuzunguka jicho kama aliyevaa miwani, na kelele zake husikika mbali. Wamisri wa kale walimfuga na kumchora kwenye kuta za makaburi yao. Hula majani zaidi kuliko wadudu, na wakulima wa ngano na mahindi humchukia kwa kung'oa miche. Tofauti na bata wa mdomo wa manjano, dume na jike wa jamii hii huwalea watoto pamoja.

Jamaa yake, bata bukini mwenye miiba kwenye mabawa, ndiye mkubwa kuliko wote barani Afrika, na ana siri inayofaa kujulikana na wapenda kitoweo. Katika baadhi ya sehemu za Afrika ndege huyu hula mbawakawa fulani wenye sumu, naye hadhuriki, lakini sumu hiyo hubaki katika nyama yake na haiondolewi kwa kupikwa.

Wapo pia bata wapigao mbinja, wenye shingo na miguu mirefu, wanaosimama wima kama askari wa zamu. Mmoja ana uso mweupe, mwingine ni wa rangi ya mdalasini. Hawatoi ule mlio wa kawaida wa bata bali hupiga mbinja, na usiku, wakati wanapokwenda kula, sauti zao hupita angani watu wasijue ni nini. Cha ajabu ni kwamba aina hizo hizo mbili huishi pia Amerika ya Kusini, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Bata mwenye nundu naye, ambaye dume lake hubeba kinundu cheusi juu ya mdomo, hutaga ndani ya mashimo ya miti na huifuata mvua kutoka nchi moja hadi nyingine. Baadhi ya waliovishwa pete miguuni nchini Zimbabwe wamepatikana Chad na Sudan.

Kuanzia Oktoba hivi hadi Machi au Aprili, idadi huongezeka kwa wageni kutoka Ulaya na Asia wanaokimbia baridi. Kuna mwenye mdomo mpana kama sepetu, mwenye mkia mrefu uliochongoka, na bata mdogo ambaye dume lake lina mstari mweupe juu ya jicho. Hawa huonekana zaidi katika maziwa ya Bonde la Ufa kama Naivasha, Nakuru na Ol Bolossat, na baadhi yao kandokando ya Ziwa Victoria.

Mito ya Kakamega haiishii Kakamega. Isiukhu huingia Nzoia, na Nzoia huteremka hadi Bunyala katika Kaunti ya Busia kabla ya kumwagika Ziwa Victoria. Yala nayo huishia katika kinamasi chenye ukubwa wa takriban hekta 17,500, ambacho sehemu yake ilianza kukaushwa kwa ajili ya kilimo tangu miaka ya 1960. Kwa bata, tambarare hizo za chini zenye mashamba ya mpunga ni karamu, na huko ndiko walikokutana na adui ambaye hawamjui.

Kuanzia mwaka 2009, mtafiti wa ndege Martin Odino alifichua yaliyokuwa yakifanyika katika mashamba ya mpunga ya Bunyala. Wategaji walikuwa wakichukua dawa ya kuulia wadudu ijulikanayo kama Furadan, ambayo kiini chake ni kabofurani, na kuichanganya na chambo. Kila ndege aliandaliwa chakula akipendacho: korongo walipewa konokono, bata wakamwagiwa mpunga. Ndege hai walifungwa kamba shambani ili wale wanaopita angani wadhani pana usalama. Waliotua wakala walianguka papo hapo au hatua chache kutoka hapo, wakakusanywa na kuuzwa kama kitoweo.

Kabofurani huvuruga mawasiliano ya neva mwilini. Kemikali inayotumika kupeleka ujumbe kutoka neva hadi msuli haiondolewi tena kwa wakati, hivyo misuli hukaza, mate hutoka kwa wingi, na hatimaye pumzi hukatika. Hufanya hivyo kwa ndege, kwa simba na kwa binadamu. Wauzaji waliamini kuwa ndege akitolewa matumbo na kuoshwa vizuri basi nyama ni salama. Hilo ni jambo la hatari kuamini, kwani sumu iliyokwisha kuingia katika damu haiko tumboni pekee. Na anayekula kidogo asife hawezi kusema kwamba hakudhurika. Kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu wa miguu huweza kuhesabiwa kuwa ni malaria, na mgonjwa akatibiwa maradhi asiyokuwa nayo.

Mwaka huo huo wa 2009, baada ya televisheni moja ya Marekani kuonyesha jinsi dawa hiyo ilivyotumiwa kuua simba nchini Kenya, kampuni iliyoitengeneza ilianza kuinunua tena kutoka madukani humu nchini. Hata hivyo, mtego wa sumu hautegemei dawa moja tu. Duka la pembejeo likikosa hii litakuwa na nyingine ya jamii hiyo hiyo, na mnunuzi haulizwi anakwenda kuitumia wapi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo penye pengo kubwa kuliko lile la sheria. Sheria yenyewe ipo: uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ikaharamisha hata uwindaji wa kujitafutia kitoweo na biashara ya nyama ya porini. Bata mwitu wamo.

Mfugaji wa kuku ana sababu nyingine ya kuwafahamu ndege hawa. Bata mwitu, hasa wale wasiozamia, huweza kubeba virusi vya homa ya mafua ya ndege bila wao wenyewe kuonyesha dalili yoyote. Mnamo Januari 2017 ndege wa porini walipatikana wamekufa kwa wingi kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe nchini Uganda, na ugonjwa ukathibitishwa pia kwa kuku na bata wa kufugwa huko Masaka. Kenya ilisimamisha mara moja uingizaji wa kuku na mayai kutoka Uganda, na wafanyabiashara wa mpakani wakapata hasara. Kinga kwa mfugaji mdogo si kuwaua bata wa bwawani, hatua ambayo huwatawanya tu. Asiwape kuku maji ya bwawa linalotumiwa na bata mwitu, asiwaache bata wake wachanganyike nao, na ndege akifa ghafla asimguse kwa mikono mitupu bali amwarifu afisa wa mifugo.

Ama kuhusu mayai na vifaranga wanaookotwa, kuna wanaowaatamisha kuku kwa matumaini ya kuanzisha ufugaji. Kifaranga wa bata, katika saa chache za kwanza baada ya kuanguliwa, humwandama kiumbe wa kwanza anayemwona akisogea na kumhesabu kuwa ndiye mzazi. Mwanasayansi Konrad Lorenz wa Austria, aliyekuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alilichunguza jambo hilo hadi vifaranga vya bata bukini vikawa vinamfuata yeye kila aendako. Kifaranga aliyelelewa na kuku humfuata kuku, na hata akirudishwa mtoni haelewi mipaka ya mto wala hamwogopi mtu.

Anayetaka kuwaona bata hawa bila kuwasumbua hahitaji vifaa vingi. Bata wa mdomo wa manjano huonekana bwawani wakati wowote wa mchana, mradi mtazamaji asimame mbali na asiwe na mbwa. Bata mweusi wa mitoni humtaka mtu awe amefika ukingoni kabla jua halijachomoza, mahali penye mawe na miti iliyoinamia maji, na avumilie kukaa kimya. Mara nyingi atamsikia jike kabla ya kumwona, kisha wote wawili watapita chini chini juu ya maji, wakifuata kila pinda la mto, weupe wa chini ya mabawa yao ukimetameta hadi watakapotokomea.